Mbao Imevimba

"Nimeuliza, randa yangu iko wapi?"

"Na mimi nimejibu, sijui."

"Hujui. Sasa nani humu ndani ana mkono wa kuficha vitu? Bibi yako?"

"Msinitaje," Bibi akasema kutoka kitandani. "Mimi nimelala."

"Baba, hata ukiipata utaranda nini? Mlango wenyewe umekwisha."

"Mlango haujakwisha. Mbao imevimba. Mvua ikinyesha mbao inavimba, hilo hata mtoto anayetambaa analijua, sembuse wewe uliyemaliza shule na cheti umetundika."

"Haijavimba. Nyumba inatembea."

Hapo ndipo sauti zilipopanda kweli kweli. Baba akapiga benchi lake kwa kiganja, maranda ya jana yakaruka, yakakaa hewani kidogo kama yanafikiria, kisha yakashuka.

"Nyumba inatembea? Humu ndani anayetembea ni wewe. Tangu umalize shule hujakalia kiti kikapata joto. Leo uko stendi unaangalia mabasi ya watu, kesho uko juu kilimani unaangalia mawingu, keshokutwa unataka kwenda mbali, ukiulizwa mbali wapi, hujui. Sasa umeona haitoshi. Unataka na nyumba ikufuate."

Mama alikuwa amesimama katikati yetu na beseni la nguo mbichi kiunoni. Nikamwona anauma mdomo asicheke. Siku nyingine hata mimi ningecheka, maana Baba akikasirika maneno yake yanapendeza kuliko akifurahi.

Na ni kweli, mimi naitwa Kiguu. Kiguu na njia. Mama ndiye aliyenibandika jina hilo nikiwa bado natambaa, alikuwa ananiweka mkekani, akigeuza sufuria tu akigeuka ananikuta kizingitini natazama nje. Jina likakua na mimi. Basi mtu kama mimi, ambaye kila chai ya asubuhi anasema jamani mimi naondoka, siku akisema tuondokeni wote, nani atanyanyua kichwa?

Ngoja nieleze kuhusu huo mlango, maana bila mlango hamtaelewa.

Baba ni fundi wa milango. Anatengeneza na madirisha akiombwa, lakini dirisha kwake ni mlango uliokosa miguu, anasema. Nusu ya nyumba za kilimani kwetu zilifungwa na milango yake, na karakana ni sebule yetu yenyewe: benchi ukutani, misumeno imetundikwa juu, na sisi tunapita katikati kwa ubavu. Mlango wetu aliutengeneza kabla sijazaliwa, mbao nzito, haina hata fundo moja. Ukiufunga ulikuwa unatoa sauti moja tu, pu, kama mtu aliyeshiba anavyoketi.

Mvua zile ambazo hazikujua kukatika zilipoanza, mlango ukaanza kukwama. Juu, upande wa kitasa. Baba akachukua randa, akaupunguza kidogo, ukafunga. "Mbao imevimba," akasema, akapuliza maranda kwenye meno ya randa kama mtu anayepuliza chai. Baada ya siku kadhaa ukakwama tena. Akaupunguza tena. Ukikwama juu, chini unaacha nafasi, kwa hiyo akawa anaranda juu na kupigilia kipande chini, anaranda juu, anapigilia chini. Mlango ukaanza kuonekana kama shati lililoshonewa mtu mwingine. Na kila mara, neno ni lile lile. Mbao imevimba.

Mimi nilikuwa napenda kumwangalia, sitasema uongo. Mvua imeshika bati, haipigi, inasugua tu. Randa inakwenda shaaa, shaaa. Bibi anakoroma kwa kipimo hicho hicho. Maranda yanadondoka yamejikunja kama nywele kwa kinyozi, yananukia utamu, halafu yakifika sakafuni yanaanza safari. Yenyewe. Hakuna upepo, dirisha limefungwa, na maranda yanabingirika polepole, moja baada ya jingine, yote kwenda kona moja, chini ya kitanda cha Bibi. Nikiangalia sana nilikuwa nasinzia. Mama naye aliyaona. Alifurahi. "Siku hizi takataka zinajikusanya zenyewe," akasema, akawa anafagia pale konani tu.

Yaani kila mtu aliona, lakini kila mtu aliona ya kwake.

Mama anafua nguo za watu. Kamba yake ya kuanikia ilikuwa imekazwa baina ya nguzo mbili uani, kiasi kwamba ukiigusa inalia. Ikaanza kulegea. Mashuka yakawa yanalamba tope. Mama akaikaza, ikalegea, akaikaza, akasema kamba za siku hizi ni za uongo. Nguzo zilikuwa zinasogeleana, lakini nani anapima nguzo?

Jirani wa chini yetu ni mshonaji, tunamwita Sindano kwa kazi yake na kwa ulimi wake pia. Siku moja alitoka kibarazani kwake, akatuangalia sisi tuliokuwa juu, akasugua macho. "Mbona mmenikaribia? Mmesogea, au ni hii miwani?" Akaenda kubadilisha miwani.

Na Bibi akawa analala vizuri. Yeye aliyekuwa anakesha na miguu yake, sasa akiamka amenawiri. "Kitanda changu kimekuwa na huruma," aliniambia. "Kinanibembeleza. Nikifumba macho naona kama niko mgongoni kwa marehemu mama yangu, anakwenda zake kisimani, wala hana haraka." Nikamuuliza anakwenda upande gani. Akafumba macho kutafuta, kisha akanyoosha kidole: kule kule yalikokuwa yanakwenda maranda.

Ndiyo nikapanda kilimani.

Siku hizo mawingu yalikuwa yameshuka kuishi na watu. Unafungua dirisha linaingia wingu, linakaa kwenye kiti, linatoka. Nilipanda bila kuona miguu yangu mwenyewe, miti inatokea mmoja mmoja mbele yangu kama watu wanaokuja kunisalimia, kisha wanabadili mawazo. Niliona nguzo za umeme zimeinama zote upande mmoja, nyaya zimelegea kama kamba ya Mama. Halafu mguu wangu wa kushoto ukaingia ardhini mpaka gotini.

Nikautoa, nikalala kifudifudi, nikapapasa. Ulikuwa ufa. Nikaufuata kwa mikono ndani ya ukungu, ukaendelea na kuendelea, umekata shamba la juu kama mdomo wa mtu aliyelala kinywa wazi. Upande wa chini, upande wetu, ulikuwa umeshuka. Ungeweza kukaa kwenye ukingo wa juu ukaning'iniza miguu. Maji ya mvua yalikuwa yanatoka kila upande yanaingia mle, na nilipoweka sikio nikasikia kilima kinakunywa. Gulu, gulu, kinapumzika, gulu. Sikuogopa pale pale, hilo ndilo la ajabu. Niliona raha, kama mtoto anayesikiliza watu wazima wanaongea chumba cha pili. Hofu ilinijia wakati wa kushuka, nilipoliona bati letu chini yangu na moshi wa Mama unatoka.

Nikawaambia. Baba akasema nyufa za shamba ni kawaida. Nikasema huu unaingia mtu. Akasema ningekuwa nimekaa benchini najifunza kazi nisingetumbukia.

Watu wa manispaa nao walikuwa wamepita barabara ya chini na kipaza sauti, wakasema wakazi wa kilimani wahamie kwa muda madarasa ya shule ng'ambo ya mto, kwenye tambarare. Kipaza sauti kilikuwa kibovu, ikasikika kama mtu anayeota. Baadhi ya watu waliondoka. Baba akasema hao huwa wanapita kila mvua.

Ukienda leo pale kwetu, pale jikoni pamekuwa hewani. Simama barabarani, au pale wanaposema barabara ilikuwa, inua kichwa, utaona ndege anapita mahali Mama alipokuwa anaweka sufuria. Lakini asubuhi hiyo palikuwa bado jikoni, chai ilikuwa inachemka, na mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani: Baba atoke. Nikisema Baba nasema wote, kwa sababu Mama hatoki bila Baba, na Bibi hatoki bila Mama. Usiku nilikuwa nimeiba randa nikaiweka chini ya godoro la Bibi, mwenyewe akijua, nikidhani Baba akikosa kuutengeneza mlango atalazimika kujiuliza kwa nini hautengenezeki. Akili ya mtu aliyemaliza shule.

Sasa turudi kwenye ugomvi.

"Nyumba hii," Baba alisema, "nimechimba msingi wake kwa mikono hii. Wewe ulikuwa bado uko kwenye mawazo. Leo unaniambia inatembea."

"Maranda yanakwenda wapi, Baba? Ukiyaangusha yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda yanakotaka."

"Mume wangu," Bibi akaniita, ndivyo anavyoniita, "godoro hili lina kitu kinanichoma mgongo."

"Vumilia, Bibi."

Baba akamtazama Bibi, akanitazama mimi, akaelewa. Akamwendea mama yake, akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa randa yake. Akaifuta kwa shati. Alikuwa ameumia, nikaona. Heri angenipiga.

"Mama, hata wewe," akasema.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nimelala," Bibi akasema.

Mlango ukasukumwa kutoka nje. Ukakataa. Ukasukumwa tena kwa bega, ukafunguka kwa mlio wa kuchana, Sindano akaingia nusu, nusu nyingine imebaki na mzigo. Alikuwa na cherehani kichwani, kichwa cha cherehani chenyewe, kimefungwa kwa shuka, na mvua inamtiririka shingoni.

"Fundi, hodi. Bado unaunyoa huu mlango? Endelea hivyo hivyo, tutabaki na bawaba."

"Karibu," Baba akasema, kavu.

"Sikaribii. Nimekuja kuaga. Mimi nakwenda ng'ambo."

"Na wewe umemsikiliza huyu?"

"Huyu? Huyu tangu lini akasikilizwa." Akanikonyeza. "Nimeamka asubuhi, naweka mguu chini niende msalani, maji. Maji yanatoka ukutani kwangu, fundi. Ukuta wa nyuma, ule wa kilimani. Si mvua, nyumba yangu haivuji. Yanatoka katikati ya ukuta, taratibu, yana rangi ya chai ya maziwa. Nikaweka kidole, yana joto kidogo. Kama mtu. Nikasema basi, hata kama ni miwani, na kidole nacho kina miwani?"

Birika likawa linaongea peke yake jikoni.

"Mbao imevimba tu," Baba akasema, lakini safari hii hakumwambia mtu. Aliuambia mlango. Akaugusa ukingo wake wa juu pale ulipochanika.

Nikashusha sauti. Sijui kwa nini, nilikuwa nimechoka kupiga kelele, na ukungu uliokuwa umeingia na Sindano ulifanya chumba kiwe kama cha mgonjwa.

"Baba, mlango huu umeupima mara ngapi?"

"Kila siku."

"Na fremu?"

"Fremu ina nini?"

"Fremu umeipima lini?"

Akanitazama kama nimemtukania mzazi. "Fremu niliiweka mimi," akasema.

Ndilo jibu hilo. Hakuwa na jingine, na kwake lilikuwa linatosha. Fundi anapima kilicholetwa na wengine, anapima mbao ya dukani, anapima ukuta wa fundi mwashi asiyemwamini. Lakini fremu aliyoiweka mwenyewe, akaipiga timazi mwenyewe akiwa kijana ana mke mpya, ataipima kwa nini? Ni kama kumuuliza mama yako kama kweli ni mama yako. Kwa hiyo kila kitu kilipokwenda kombo, kilichokosea kilikuwa mlango. Maskini mlango, amenyolewa mpaka amebaki ungo, na kosa si lake.

Mama akaweka beseni chini. Akaenda ukutani, akapita nyuma ya Baba, akachukua timazi kwenye msumari wake. Kamba na kipande cha chuma kilichochongoka, hakuna zaidi. Akamwekea mkononi.

"Baba Kiguu," akasema, "pima."

"Na wewe pia."

"Pima tu. Ikiwa imenyooka, mimi mwenyewe nitamkalisha huyu kijana benchini mpaka aote ndevu."

Baba akasimama na timazi mkononi muda mrefu. Kisha akapanda kigoda, akashikiza kamba juu kabisa ya fremu, akaiachia. Kile chuma kikashuka, kikazunguka, kikatafuta, kikatulia.

Na sote tukainamisha vichwa, maana timazi ilikuwa imepinda.

Nasema kweli, ndivyo tulivyoiona. Fremu ilikuwa imenyooka, kama siku zote, na ile kamba imekaa upande, imekata mlango mshazari kama mkwaruzo. Juu imegusa fremu, chini iko mbali, mkono wako ungepita.

"Timazi yako imeharibika," Mama akanong'ona.

"Timazi haiharibiki," Baba akasema.

Akashuka kigodani. Akarudi nyuma, akaiangalia kamba, na mimi nikaiangalia, na ghafla jicho langu likashika kamba likaachia nyumba. Sijui nielezeje. Ni kama uko ndani ya basi limesimama, basi la pembeni likaondoka, ukadhani ni wewe unayekwenda, halafu ukaelewa. Kabati lilikuwa limeinama. Taa ya darini inaning'inia mshazari. Kitanda cha Bibi kimeinama na Bibi ndani yake ametabasamu. Baba amesimama ameinama, Mama ameinama, Sindano na cherehani yake wameegemea hewa. Wote tumelalia upande mmoja kama majani kwenye upepo, na tumekuwa hivyo kwa wiki nyingi, tunakula hivyo, tunagombana hivyo, tunaona tumesimama. Kitu pekee kilichosimama wima katika nyumba yetu kilikuwa ile kamba, na sisi tumeiita imepinda.

Juu ya dari msumari mmoja ukalia, ti. Halafu mwingine mbali kidogo, ti.

"Mbebe Mama," Baba akamwambia mke wake. Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Nendeni na Sindano."

Nikainama nimchukue Bibi, Mama akanizuia. "Mimi nitambeba. Ana uzito gani huyu, shuka mbichi ni zito kuliko yeye." Akamfunga mgongoni kwa kanga mbili, Bibi akaegemeza shavu, akafumba macho papo hapo. Mama akanisogelea kama mtu anayenirekebisha kola. "Wewe baki na baba yako. Usitoke bila yeye. Mimi tangu anioe sijawahi kumshinda kwa maneno. Wewe ndiye unajua kumchosha."

Wakatoka. Nikasimama kizingitini nikiwaangalia wakishuka, Sindano mbele na mzigo wake kichwani, Mama nyuma na Bibi mgongoni. Ukungu ukachukua miguu yao kwanza. Wakawa wanaelea. Kisha ukachukua migongo, kikabaki kisigino cha Bibi kinaning'inia, cheupe, hakina haraka, kisha hicho nacho.

Niligeuka nikakuta Baba amebeba boriti begani.

"Unafanya nini?"

"Naegesha ukuta wa chini. Boriti mbili pale, moja pembeni. Itashika mpaka mvua ikatike."

"Baba. Kilima kizima utakiegesha na boriti?"

"Nimeegesha nyumba mbovu kuliko hii."

"Hii si mbovu. Nyumba ni nzima. Kinachoondoka ni chini yake."

"Basi wewe ondoka." Akaiweka boriti ukutani, akaanza kuigonga kwa nyundo iingie. "Si ndicho ulichokuwa unataka? Njia hiyo hapo. Leo sikuzuii. Kiguu, nenda zako."

Akagonga. Kila akigonga, ukuta unajibu kutoka ndani kabisa, si sauti ya tofali, sauti ya tumbo. Vumbi laini likawa linashuka darini, linaogelea kwenye mwanga mchafu wa dirishani. Nje mvua ilikuwa imenyamaza. Hata ndege hakuna. Niliusikia mto kule chini, au nilidhani ni mto.

Nilikuwa na maneno mengi, mimi sikosi maneno. Yote yakaniishia. Nikavuta kigoda chake nikakaa mbele ya benchi. Nikachukua kipande cha mbao kilichobaki, mguu wa meza ya mtu, nikachukua msasa, nikaanza kusugua.

Nyundo ikasimama.

"Unafanya nini?"

"Kazi."

"Nimesema uende."

"Nimekusikia. Nimekaa."

"Usinichezee, kijana."

"Sichezi. Kila siku unaniambia nikae nijifunze. Nimekaa. Huu nausugua kufuata mkondo wa mbao, au kukata?"

Baba akagonga tena, mara moja, akaacha. Nikaendelea kusugua. Nilikuwa naogopa mpaka meno yananiuma, lakini mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, na nilikisikia kilima kupitia kigoda, kupitia mifupa yangu ya kukalia, mtikisiko mdogo wa mfululizo, kama paka anayekoroma chini ya nyumba. Kikakoroma, nikasugua. Laiti ningelala pale ningelala usingizi mtamu.

"Kufuata mkondo," Baba akasema mwishowe. "Ukikata unaichana."

"Haya."

"Na usikandamize hivyo. Msasa unakula wenyewe."

"Haya."

Akaja akasimama juu yangu. Mikono yake ilikuwa na vumbi jeupe mpaka viwikoni. Nilitegemea anipokonye msasa. Alikuwa anauangalia mkono wangu, jinsi ulivyokuwa unasugua bila kusimama.

"Nyanyuka, mwanangu," akasema.

"Nimalize huu kwanza."

"Nyanyuka, nakuomba."

Katika maisha yangu yote Baba hakuwahi kuniomba kitu. Ananituma, ananiagiza. Nikamwangalia usoni nikaona hanioni mimi tu, anaona na ukuta nyuma yangu, na ile mistari ya penseli aliyokuwa anachora kupima urefu wa mbao, na pale mahali palipoungua siku Mama alipoangusha pasi, anaona yote kwa pamoja na anayaacha yapite.

"Funga sanduku lako," nikasema. "Ukifunga sanduku lako nanyanyuka."

Akavuta pumzi. Akaenda akaokota nyundo. Akaiweka kwenye sanduku, mahali pake. Akachukua patasi, akazifuta moja moja, akazipanga kwa ukubwa kama anavyozipanga kila jioni, na kwangu kila patasi ilikuwa ndefu kama msimu. Misumeno. Tupa. Randa akaiangalia chini, akatoa ganda moja la mbao lililokwama kwenye meno yake, akaliangusha. Halikubingirika safari hii. Liliteleza, haraka, likagonga ukuta.

Baba akafunga sanduku, akalitia begani. Timazi aliiacha inaning'inia. Akapita mlangoni kwa ubavu asiiguse, kama mtu anayempisha mwenzake, akaingia kwenye ukungu.

Nikanyanyuka. Nikaukuta mguu wa meza bado uko mkononi, nikauweka juu ya benchi, ukaanza kubingirika, sikungoja uanguke.

"Funga mlango," Baba akasema kutoka nje, bila kugeuka. "Mvua itaingia ndani."

Nikatoka, nikaufunga.